Kabla Hujaweka Sahihi

Wadau, leo sina vichekesho. Wale mnaonifuata kwa sababu ya video za matatu na za mapishi ya bedsitter mtanisamehe, nitarudi kwa hizo wiki ijayo.

Kuna kitu nimewaficha miezi saba. Mwaka jana, 2025, nilipunguzwa kazi. Zile video mlizokuwa mkiniambia "siku hizi unaposti sana, lazima unaingiza pesa," nilikuwa nazirekodi Jumanne saa nne asubuhi kwa sababu sikuwa na pahali pa kwenda. Sikuwa nimefaulu. Nilikuwa nimekaa tu.

Sikusema kwa sababu ya aibu, na aibu hiyo nimeielewa baadaye kwamba ni ya kijinga, lakini wacha niwaambie vile ilivyokuwa.

Ilikuwa Ijumaa, saa tano asubuhi. Tuliitwa mmoja mmoja kwenye kale kachumba ka mikutano ambako kawaida hukatiwa keki za birthday. Sitataja kampuni. Nilikuwa huduma kwa wateja, mshahara 45,000 kabla ya makato, na nilikuwa nimekaa hapo miaka mitatu na miezi minne. Mezani kulikuwa na barua moja tu, na ilikuwa imeandikwa kana kwamba nimeiandika mimi mwenyewe: kwamba nimeamua kujiuzulu kwa hiari yangu, kwamba nashukuru kampuni kwa nafasi niliyopewa, kwamba sina madai yoyote. Jina langu lilikuwa chini, pamebaki sahihi tu.

Yule mama wa HR aliongea kwa upole sana. Kwamba biashara imekuwa mbaya. Kwamba hii ndiyo njia safi, rekodi yangu itabaki nzuri, na kampuni itanipa mshahara wa mwezi mmoja kama shukrani. Akanisogezea kalamu.

Niliishika. Siwadanganyi, niliishika na nikaielekeza kwa karatasi. Elfu arobaini na tano zilionekana kama zawadi. Kitu kilichoniokoa si akili wala ujasiri, ni kwamba nilikuwa karibu kulia na sikutaka anione, kwa hivyo nikasema naenda choo.

Huko chooni nikampigia mjomba. Mjomba alikuwa mwakilishi wa wafanyakazi kiwandani Ruaraka miaka mingi, mtu wa ile enzi ya migomo ya filimbi na matawi ya miti. Nilimweleza nikinong'ona. Aliniuliza swali moja tu: "Hiyo barua inasema wanakutoa ama inasema unatoka?"

Nikamwambia inasema natoka.

"Basi weka kalamu chini, mama. Anayetoka halipwi kama anayetolewa. Waambie unaenda kuisoma nyumbani."

Nilirudi nikasema hivyo hivyo. Ule upole uliisha hapo. Niliambiwa kwamba ofa ni ya leo pekee, na kwamba wenzangu wote wamekubali. Tulikuwa kumi na mmoja siku hiyo. Tisa waliweka sahihi. Nitarudi kwa mmoja wao.

Sasa sikiza hesabu, kwa sababu hii ndiyo sehemu ambayo hakuna mtu alinifunza shuleni wala chuoni.

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40, inasema mwajiri akitaka kukuondoa kwa sababu kazi imepungua, si kwa sababu umekosa, lazima kwanza akupe notisi kwa maandishi, wewe na afisa wa leba wa eneo hilo, si chini ya mwezi mmoja kabla. Kama uko kwenye chama cha wafanyakazi, chama ndicho kinachopewa. Hawezi kuchagua watu kwa kuangalia sura. Lazima azingatie nani ana muda mrefu kazini, nani ana ujuzi, uwezo na uaminifu. Siku zako za likizo ambazo hujaenda anazilipa kwa pesa taslimu. Anakupa notisi ya mwezi mmoja au mshahara wa mwezi mmoja badala yake. Na juu ya hayo yote, anakulipa angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliomaliza.

Miaka yangu iliyokamilika ni mitatu. Siku 15 mara tatu ni siku 45. Ukigawanya mshahara wangu kwa siku 30, hizo ni shilingi 67,500. Mwezi mmoja wa notisi, 45,000. Nilikuwa na siku 14 za likizo, 21,000. Jumla 133,500 kabla ya ushuru.

Ningeweka sahihi ile barua ningepata 45,000 ya "shukrani" pamoja na likizo yangu. 66,000. Tofauti ni 67,500 kamili, yaani ile pesa ya kupunguzwa kazi yenyewe. Kodi ya keja yangu ni 9,000. Ile sahihi ilikuwa na thamani ya miezi saba na nusu ya kulala ndani. Na ile "shukrani"? Ilikuwa ni notisi yangu ya kisheria imefungwa kwa karatasi ya zawadi.

Niliandika barua pepe Jumatatu, mistari minne, nikisema sijiuzulu na naomba utaratibu wa kupunguza wafanyakazi ufuatwe. Wiki tatu za kimya. Halafu wakalipa, kwa awamu mbili. Sikwenda kortini, sikupiga kelele. Kuna watu hupigana miaka kwa kitu hicho hicho, kwa hivyo najua nilibahatika.

Hiyo ni upande wa mwajiri. Sasa tuje upande wa serikali, maana hapo ndipo nilikuwa na matumaini ya ajabu.

Nina binamu anaishi Minnesota, anafanya kazi ya kutunza wazee. Nilipomwambia yaliyonikuta, hakuniuliza utafanya nini. Aliniuliza, "Umeshaomba unemployment?" Aliuliza kawaida kabisa, kama mtu anayekuuliza umekunywa chai. Nilicheka mpaka akafikiri simu imekatika.

Akanieleza. Kule hakuna mfuko mmoja wa nchi nzima. Mfumo ulijengwa na sheria ya 1935, lakini kila jimbo linaendesha wake, na viwango vyake na masharti yake. Jimbo la Wisconsin hata lilikuwa limetangulia kwa sheria yake ya 1932. Waajiri ndio hulipia kwa kodi maalum, na katika majimbo mengi mfanyakazi hakatwi chochote. Ukipoteza kazi unaomba kwa jimbo ulilofanyia kazi, unathibitisha mara kwa mara kwamba bado unatafuta, na katika majimbo mengi unaweza kulipwa hadi wiki 26. Si mshahara wako wote, ni sehemu yake. Yeye mwenyewe aliipata 2020 hoteli aliyokuwa akifanyia kazi ilipofungwa. Alisema pesa zilichelewa, simu hazishikwi, na alikaribia kulala njaa akisubiri. Lakini zilikuja.

Halafu akasema kitu kilichonikumbusha ile kalamu. Alisema watakuuliza uliachaje kazi. Ukiwa umeacha mwenyewe bila sababu ya maana, mara nyingi unanyimwa. Kwa hivyo hata huko mbali, karatasi ya kujiuzulu inakufungia mlango.

Kwetu hakuna mlango wa kufungwa. Kenya hatuna bima ya kukosa kazi. Wacha niseme tena polepole kwa sababu nimekutana na watu wengi wanaoamini iko mahali fulani, labda Huduma Centre, labda eCitizen, ni vile tu hawajui inaitwaje. Haipo. Katiba ya 2010, ibara ya 43, inasema kila mtu ana haki ya hifadhi ya jamii, na kwamba Dola itatoa hifadhi inayofaa kwa wasioweza kujikimu. Maneno matamu. Ukiyasoma ukiwa umekaa juu ya kitanda mchana wa Jumanne, yanakuwa kama tangazo la nyumba ambayo haijajengwa.

Toa hati yako ya mshahara uiangalie. Yangu ya mwisho: NSSF 2,700. SHA 1,237 na senti hamsini. Tozo ya nyumba za bei nafuu 675. Hizo ni shilingi 4,612 na senti hamsini kila mwezi, na bado hatujaongea PAYE. Mwajiri naye aliweka 2,700 yake ya NSSF na 675 yake ya nyumba. Mimi kwa ujinga wangu nilidhani kati ya hayo makato yote, lazima moja ni ya siku kama hii.

Nikaanza na NSSF kwa sababu jina lenyewe linasema hifadhi ya jamii. Ni pesa yangu, ipo, naiona kwa simu. Lakini naweza kuiguza nikifika miaka 60, au 50 kama nimeacha kazi ya ajira, au nikipata ulemavu wa kunizuia kufanya kazi, au nikihama nchi kabisa. Kukosa kazi hakumo. Nina miaka 28. NSSF itanikumbuka nikiwa na mvi. (Kama kampuni yako ilikuwa na mpango wake wa pensheni mbali na NSSF, huo ni tofauti, sheria inakuruhusu kuchukua sehemu ukiondoka. Ulizia. Lakini fikiria mara mbili, maana uzee nao unakuja.)

SHA ndiyo iliniuma zaidi. Ukiwa na kazi, asilimia 2.75 inakatwa mwezi kwa mwezi, huisikii sana. Siku unapoteza kazi unahesabiwa kuwa mtu wa sekta isiyo rasmi. Unabonyeza *147#, unajibu maswali kuhusu paa lako ni la nini na unapikia nini, mfumo unakadiria mapato ya nyumba yako, halafu unatakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa mkupuo. Kima cha chini ni 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mara moja, na wengi hukadiriwa juu ya hapo. Hebu niambieni nani aliketi chini akapanga hivyo. Ulipokuwa na mshahara ulilipa kidogo kidogo, sasa huna mshahara unalipa zote pamoja! Kuna ule mpango wa Lipa SHA Pole Pole, lakini huo ni mkopo. Kitu kimoja kizuri ambacho wengi hawajui: ukiwa umesajiliwa tu, hata kama hujalipa, huduma za msingi kwa zahanati na vituo vya afya, zile ngazi ya 2 na ya 3, zinagharamiwa na mfuko mwingine, hulipi. Shida inaanza ukilazwa hospitali kubwa. Kwa hivyo kama umetoka kazini jana, usisubiri uugue.

Misaada mingine nimeipitia yote, moja baada ya nyingine, kama mtu anayejaribu funguo kwenye kufuli. Inua Jamii ni 2,000 kwa mwezi, ni ya wazee wa miaka 70 na zaidi, mayatima na watoto walio hatarini, na watu wenye ulemavu mkubwa. Hiyo si yangu na sitaki iwe yangu, ni yao. NYOTA inatoa 50,000 ya kuanzisha biashara kwa vijana wa miaka 18 hadi 29, lakini imelenga wenye elimu ya kidato cha nne kushuka chini. Mimi nina diploma. Hustler Fund ilizinduliwa Novemba 2022, unaweza kukopa kuanzia 500 hadi 50,000 kulingana na kiwango chako, riba asilimia 8 kwa mwaka, na mkopo wa mtu binafsi unarudisha ndani ya siku 14. Siku 14! Mtu aliyefutwa kazi atakuwa amepata nini ndani ya siku 14 isipokuwa msongo wa mawazo? Mkopo si msaada, wadau. Mkopo ni kesho yako unaila leo.

Na si mara ya kwanza. Mnakumbuka 2020, corona ilipoingia, serikali ilipunguza PAYE na wote wanaopata hadi 24,000 kwa mwezi wakaondolewa kabisa. Ilikuwa hatua nzuri. Lakini ili upate nafuu hiyo ilibidi uwe na mshahara. Aliyefutwa kazi mwezi huo huo hakuwa na PAYE ya kupunguziwa. Vijana wa mitaa ya mabanda walipata Kazi Mtaani, shilingi 455 kwa siku, kufagia na kuzibua mitaro. Katikati hapo, yule karani, yule mhudumu wa hoteli, yule mwalimu wa shule ya kibinafsi, hakuwa upande wowote.

Kwa hivyo ukiniuliza bima ya kukosa kazi Kenya inaitwaje, nitakuambia inaitwa Mama. Mama yangu yuko Nyahururu, anauza mboga. Kwa miezi mitano amekuwa akinitumia viazi na njegere kwa matatu ya asubuhi, na kila Jumapili jioni simu inalia, elfu moja, bila maneno. Haonekani kwenye bajeti ya wizara yoyote. Mwanamke wa miaka 56 amerudishiwa mzigo aliodhani alimaliza kuubeba siku ya graduation yangu. Nikisikia mtu akisema Waafrika tuna undugu kwa hivyo hatuhitaji mambo ya wazungu, namfikiria Mama akihesabu sarafu za sukuma.

Chama chetu nacho kina mfuko wa msiba, kina mfuko wa harusi, kina mfuko wa mtoto akizaliwa. Hakina wa kufutwa kazi. Nilipouliza, mweka hazina akaniambia, "Si ungekufa tu tukuchangie." Tulicheka sana. Lakini alisema kweli: tunajua kuchangia mwili, hatujui kuchangia mtu mzima aliyekaa akitembeza CV.

Sacco ilikuwa hadithi nyingine. Nilikuwa na mkopo, na mkopo ukikwama huwa wanaangalia akiba yako kwanza, halafu wanawageukia wadhamini. Mdhamini wangu mmoja alikuwa ni yule mwenzangu wa dawati la pili, naye akiwa amepunguzwa siku moja na mimi. Tunadhaminiana kazini kwa sababu ndiko tunajuana, halafu moto ukija unachoma nyumba na ndoo ya maji pamoja. Nilienda ofisini kwao kabla hawajanipigia, nikaeleza, wakanipangia upya malipo madogo. Fanya hivyo. HELB pia haiwezi kujua umeachishwa kazi mpaka uwaambie mwenyewe, na faini hazingoji.

Sasa nivuke Namanga kidogo, kwa sababu hapo ndipo hoja ya "sisi ni nchi maskini, hatuwezi" huanguka.

Watanzania wana kitu kinaitwa fao la kukosa ajira. Kiliingizwa na mabadiliko ya sheria za mifuko ya jamii ya 2018. Kama umechangia angalau miezi 18 na umepoteza kazi bila kuacha mwenyewe, unalipwa asilimia 33.3 ya mshahara wako kwa muda wa miezi sita. Angalia tena yale maneno: bila kuacha mwenyewe. Kalamu ile ile.

Kwa mshahara wangu ingekuwa karibu 15,000 kwa mwezi. Si pesa ya kuringa nayo. Lakini ni kodi ya keja, na unga, na nauli ya kwenda interview. Mama angelala.

Sitaki kuwapaka rangi. Watanzania wengi walikasirika wakati huo, kwa sababu zamani ulikuwa ukitoka kazini unachukua michango yako yote, fao la kujitoa, na sheria mpya iliwaondolea hiyo. Waliona wameporwa mkate wakapewa kipande. Nawaelewa. Lakini angalau wanabishania ukubwa wa kipande. Sisi hatuna hata meza. Afrika Kusini nao wana mfuko wao, mfanyakazi anachangia asilimia 1 na mwajiri asilimia 1, basi.

Najua mtaniambia nini kwa komenti. Wa kwanza atasema: gava itakula. Tozo nyingine tena? Tumechoka. Ndugu yangu, mimi pia nimechoka, na juzi nilikuwa barabarani na kitambaa na chupa ya maji kama nyinyi kupinga ushuru. Siombi kato jipya. Naomba sehemu ya yale tunayokatwa tayari ibadilishwe kazi. Sisi na waajiri wetu tunatoa asilimia 1.5 na 1.5 kwa nyumba. Nusu asilimia kutoka kila upande ikitengwa, kwa mshahara wangu ni 225 na 225, yaani 450 kwa mwezi. Kwa miezi 40 niliyofanya kazi ni 18,000. Haitoshi kunilipa 15,000 mara sita, ambayo ni 90,000, najua, nimefaulu hesabu. Ndiyo maana inaitwa bima: wengi hawatapoteza kazi mwaka huo huo, na wale hawatapoteza ndio wanabeba wale wamepoteza, mpaka zamu ibadilike. Na kama ikionekana nusu haitoshi, basi wataalamu wa hesabu za bima waseme kiasi gani kinatosha, na tulipwe miezi mitatu badala ya sita. Hata mitatu.

Wa pili atasema jambo zito zaidi, na sina jibu la haraka kwake. Zaidi ya wanane kati ya kumi wanaofanya kazi Kenya wako sekta isiyo rasmi. Mama yangu mwenyewe. Bima ya kukosa kazi itamsaidiaje mtu wa mjengo ambaye hukosa kazi kila mvua ikinyesha? Haitamsaidia moja kwa moja. Nikisema vinginevyo nitakuwa nawadanganya. Lakini najua kitu kimoja: mwezi niliokosa mshahara, Mama naye alikosa faida yake ya mboga, kwa sababu ilikuja kwangu. Mwenye mshahara akianguka huwa anaangukia mtu, na mara nyingi anamwangukia mtu wa sekta isiyo rasmi.

Wakati tunasubiri hiyo siku, kama barua imekuja leo, mambo machache na nitawaachilia. Usiweke sahihi siku hiyo. Ipige picha. Kama wanasema umekosa, au hufanyi kazi vizuri, kifungu cha 41 kinakupa haki ya kuelezwa kwa lugha unayoielewa na kusikizwa, na mwenzako mmoja akiwa hapo ndani nawe. Usitoke bila cheti cha utumishi, kile kinachoonyesha ulianza lini na ukamaliza lini. Si lazima wakusifu, lakini lazima wakupe, kifungu cha 51. Chukua na fomu ya P9, kwa sababu KRA wanataka ritani kabla ya tarehe 30 Juni uwe na kazi usiwe nayo. Kama ulifutwa bila haki, una miezi mitatu kupeleka malalamiko kwa afisa wa leba, na huko hulipii wakili. Kortini, kwenye Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Leba, una miaka mitatu, na ikiamua ulionewa inaweza kukupa fidia hadi mishahara ya miezi 12.

Niliahidi kurudi kwa mmoja wa wale tisa. Ni yule mwenzangu wa dawati la pili, mdhamini wangu. Alikuwa amekaa miaka sita. Fanyeni wenyewe hesabu ya siku 15 mara sita. Aliweka sahihi kwa dakika mbili kwa sababu mtoto alikuwa amerudishwa nyumbani kwa karo na yule mama wa HR alisema pesa itaingia siku hiyo hiyo. Iliingia kweli. Ikaisha kabla ya muhula kwisha.

Hakujua alichoacha mezani mpaka nilipomwonyesha malipo yangu, mwezi wa tano, na nilichelewa kumwonyesha kwa ile aibu yangu. Miezi mitatu ya afisa wa leba ilikuwa imepita. Miaka mitatu ya korti bado. Mahakama za Kenya zimewahi kukubali kwamba mtu anaweza kujiuzulu kwa karatasi na bado ihesabiwe amefukuzwa, kama mwajiri ndiye aliyemsukuma mpaka akatoka. Lakini ni yeye atakayetakiwa kuthibitisha, na karatasi ina sahihi yake, inasema kwa hiari yangu, inasema sina madai.

Bado anayo nakala. Alhamisi tunaenda pamoja kwa wakili mmoja anayesikiza kesi za wafanyakazi bila kutoza ada ya kwanza, na mimi nitaandika maelezo ya vile nilivyoona siku ile: kachumba, barua iliyoandikwa tayari, ofa ya leo pekee. Kama wewe ni mmoja wa wale wanane wengine na unasoma hii, unajua namba yangu haijabadilika.